Jibu: Nani namba moja Dodgers msimu wa 2024?

Mkuu, umeuliza kwa nini katika orodha yangu ya wachezaji wa Dodgers, timu ya besiboli ya Los Angeles, sikumweka Freddie Freeman namba moja ilhali ndiye mchezaji bora wa fainali. Kwangu msimu ni mechi 162. Fainali zina hesabu yake.

Shohei Ohtani yuko juu, hana mpinzani. Homurani 54 (mipigo inayovusha mpira nje ya ukuta), besi 59 za kuiba (kukimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa). Kabla yake hakuna aliyewahi kufikisha 50 kote kuwili katika msimu mmoja. Ile mechi ya Septemba 19 kule Miami nimeirudia mara tatu: alishika gongo mara sita, mara zote sita akafika besi kwa mpigo wake, mipira mitatu ikavuka ukuta, akaingiza mikimbio (pointi) 10. Mtu mmoja, mechi moja!

Mookie Betts wa pili. Mpira ulimvunja mkono Juni akakaa nje karibu miezi miwili, ila kabla ya hapo alilinda kati ya besi ya pili na ya tatu, nafasi ngumu isiyo yake ya asili.

Freeman wa tatu, akimzidi kidogo Teoscar Hernández mwenye homurani 33. Ule mpigo wa Freeman wa fainali dhidi ya Yankees, besi zote tatu zikiwa na wakimbiaji na kifundo chake cha mguu kibovu, naupenda kuliko yote. Lakini ulikuwa wa Oktoba, nje ya zile mechi 162.