Presha ya mimba: leteni namba, si miguu

Nina wiki 32 na miguu imevimba. Je, ni kifafa cha mimba? (Morogoro)

Swali hili linakuja kila wiki, na muulizaji haandiki presha yake. Dada yangu, miguu huvimba kwa wajawazito wengi wasio na tatizo, na wapo wanaopata kifafa cha mimba bila kuvimba hata kidole. Tunaangalia presha ya 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, iliyopimwa mara mbili kwa kupishana angalau saa 4, pamoja na protini kwenye mkojo au dalili kwamba figo, ini au ubongo umeguswa. Kapime leo, usisubiri tarehe ya kliniki.

Duka la dawa lilinipima 150/95, kliniki 128/84. Nifuate ipi?

Rudia kipimo. Pumzika dakika 5, egemeza mgongo, nyayo ziwe sakafuni, usikunje nne, usiongee, na mkono uwe usawa wa moyo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huisoma presha juu kuliko ilivyo. Mkojo nao uwe wa katikati, yaani mwaga wa mwanzo kwanza, maana ukichanganyika na ute wa ukeni, kijiti cha kupimia huonyesha protini ambayo haikutoka kwenye figo. Ikifika 160/110 ni dharura: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama hujisikii vibaya.

Niache chumvi?

Kuacha chumvi hakuzuii ugonjwa huu. Kitunguu saumu vilevile.

Nasikia daktari wa Marekani aligundua chanzo. Mbona hakuna dawa?

Ni Ananth Karumanchi, bingwa wa figo. Mwaka 2003, akiwa Boston, yeye na wenzake walionyesha kwamba kondo la nyuma la wagonjwa humwaga kwenye damu ya mama protini iitwayo sFlt-1 kupita kiasi. Protini hiyo huvinasa vichocheo viwili, VEGF na PlGF, vinavyotunza kuta za mishipa. Vikikosekana, mishipa hubana na presha hupanda. Vichujio vya figo huvimba na protini huvuja. Panya waliopewa sFlt-1 walipata presha na protini kwenye mkojo, hata wale wasio na mimba.

Ndiyo maana tiba bado ni kuzaa, kondo litoke. Kuichuja damu kwa mashine ili kuiondoa sFlt-1 kumejaribiwa kwa wajawazito wachache tu. Faida iliyopatikana ni kipimo: uwiano wa sFlt-1 kwa PlGF ukiwa 38 au chini yake, ni nadra sana ugonjwa kutokea ndani ya wiki 1. Hicho kinahitaji maabara kubwa. Mashine ya presha na kijiti cha mkojo havihitaji, na kituo kinachomruhusu mjamzito aondoke bila kupimwa vyote viwili kinamhatarisha.

Dada yangu alipewa aspirini. Nina wiki 30, nami nianze?

Usijianzishie. Aspirini husaidia ikianzwa mapema, kabla ya wiki ya 20, kwa mwenye hatari: aliyewahi kuugua, mwenye presha ya zamani, kisukari, ugonjwa wa figo au mapacha. Shirika la Afya Duniani hushauri miligramu 75 kwa siku. Utafiti wa ASPRE wa 2017 ulitumia 150 usiku. Kalsiamu nayo iulizwe kliniki: majaribio ya Tanzania na India yaliyochapishwa 2024 yalionyesha miligramu 500 hazipitwi na 1,500 katika kuzuia ugonjwa huu. Na anayetumia dawa za presha enalapril au captopril amwone daktari mara tu anapojua ni mjamzito, abadilishiwe. Dawa hizo hudhuru figo za mtoto.

Mke wangu kajifungua siku 4 zilizopita, kichwa kinamuuma sana na anaona nyota nyota. Mama mkwe anasema ni uchovu.

Mpeleke sasa hivi. Kifafa cha mimba huweza kuja hata baada ya kujifungua, hasa saa 48 za kwanza, lakini hata wiki kadhaa baadaye. Mapokezi tamka kwanza kwamba amejifungua juzijuzi, maana tumbo likishashuka watu huwaza malaria. Maumivu chini ya mbavu za kulia msiyaite vidonda vya tumbo. Akishikwa na degedege njiani, mlaze ubavu wa kushoto na usimtie kijiko mdomoni.

Dawa ya degedege ni magnesiamu salfeti. Utafiti wa Magpie wa 2002 ulionyesha hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Huanza kwa gramu 4 mshipani taratibu na gramu 5 kila tako. Kabla ya kila dozi inayofuata muuguzi ahakikishe pumzi ni angalau 16 kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Kwa aliyeshikwa baada ya kujifungua, dawa huendelea hadi saa 24 zipite tangu degedege la mwisho, kwa hiyo usiombe aruhusiwe kwa sababu tu ameamka na anaongea.