Ile miti haiko ya kwetu

Lubumbashi, Katuba, mwezi wa kumi na moja

Kwa mwanangu Kabange,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili kwa sauti, maana miwani ya mama yako ilikaliwa na pacha wako Kyungu Jumapili na mpaka leo hakuna aliyekiri. Mvua zimeanza. Kapenta zako, wale dagaa wakavu, ziko tayari kwenye mfuko, ila yule aliyesema atasafiri kuja huko kwenu Liège, Ubelgiji, ameahirisha tena, kwa hiyo vumilia.

Unasema mmejiwekea desturi, wewe na mume wako na marafiki zenu: kila Jumamosi mtu mmoja analeta filamu ambayo dunia haikuipa heshima yake, mnaitazama, mnakula. Zamu yako imefika. Unataka nikupe jina moja la filamu ya kwetu, isiyochosha wageni. Jina moja tu, baba. Ungeniuliza bei ya gunia la makaa ningekujibu upesi zaidi.

Majina yapo. Ile ya mwimbaji Papa Wemba ya 1987 iache, hiyo kila mtu anaijua kwa ajili ya nyimbo zake. Lakini aliyeitengeneza pamoja na Mbelgiji mmoja, Mwezé Ngangura, mwana wa Bukavu, alitengeneza nyingine mwaka 1998, *Pièces d'identités*. Mzee Mani Kongo, mfalme, anapanda ndege kwenda Ubelgiji kumtafuta binti yake aliyepelekwa huko kusoma akiwa mtoto na ambaye habari zake zimekatika. Mwaka 1999 ilipewa Étalon de Yennenga kule Ouagadougou, na katika sinema ya Afrika hakuna tuzo iliyo juu ya hiyo. Sasa zunguka Katuba yote unitafutie kijana mmoja aliyeiona. Hiyo sikutajii, kwa sababu utasema baba anapitisha ujumbe. (Ingawa yule mzee alitembea Brussels na kofia yake ya kifalme bila kumwonea haya mtu, na mimi kwenye harusi yako nilikatazwa suti yangu ya kitenge. Nimeshasamehe.)

Halafu kuna *Félicité* ya Alain Gomis, ya 2017. Berlin waliipa tuzo kubwa ya baraza la waamuzi, Ouagadougou nao wakaipa ile Étalon. Mama anaimba kwenye baa, Kinshasa. Mwanawe anaanguka na pikipiki, inatakiwa pesa ya upasuaji kabla daktari hajagusa mguu. Anazunguka mji mzima akidai madeni, akiomba, akifukuzwa. Mtengenezaji mwingine angeishia pale pesa inapopatikana, tukalia kidogo tukaenda kulala. Huyu hapana. Mguu unakatwa, na filamu inaendelea, muda mrefu, kwenye nyumba ambayo mtoto hasemi na mama haimbi. Na kuna friji! Friji bovu, na fundi anayeitwa Tabu, mlevi, mpenda wanawake, anayekuja kulitengeneza. Mama yako, ambaye huwa analala filamu ikifika nusu, alikaa wima kwa sababu ya friji lile. Akasema, "Huyu ni fundi wetu kabisa, anakuja na bisibisi moja." Wageni wako wataona huzuni ya Afrika, na sisi tuliona friji. Nimekuambia tangu mko wadogo: usitazame kioo peke yake, tazama na wanaotazama.

Na ya huyu mwana wa hapa, Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi 1978 akakulia Ubelgiji. *Augure*, ya 2023, ilipata tuzo kule Cannes, na sehemu yake aliipigia picha hapa kwetu. Kijana anarudi nyumbani na mchumba wake mzungu, pua yake inatoka damu juu ya mtoto mchanga wa ukoo, na kazi inaanzia hapo, maana nyumba nzima imeshaamua ni uchawi. Tuliitazama watu kumi na mmoja sebuleni. Nusu yao hawakufuata hadithi hata kidogo, walikuwa wanatafuta kuta. "Simamisha! Pale si ni…" Pacha wako aliapa ameona geti la rafiki yake. Mtu akiona ukuta anaoujua anakaa mbele kwenye kiti, hilo hakuna shule inayolifundisha.

Hapo ndipo barua yako iliponishika, mwanangu, kwa sababu ya miti.

Wewe ulikuwepo. Ulikuwa na miaka tisa, labda unakumbuka mahindi ya kuchoma tu. Ilikuwa 2003, kaseti ilikuwa ya kuazima, imenakiliwa mara nyingi mpaka nyuso zilikuwa na mvua: *Lumumba*, ile ya Raoul Peck ya mwaka 2000. Niliitafuta zaidi ya mwaka. Mimi mwalimu, niliyewafundisha watoto wa wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi, historia kwa chaki tu, nilitaka kuona. Nkambo yako, baba yangu mimi, alikaa kwenye kile kiti chake cha mbao, wewe kwenye mapaja yake, Kyungu chini akichokoza mbwa. Kwa kuwa filamu ni ya Kifaransa, na Kifaransa cha nkambo kilikuwa cha karakana, cha "lete" na "ondoa" na "hatari", mimi nilikuwa namfasiria.

Aliitazama kimya. Unajua hakuwa mtu wa kimya mbele ya televisheni. Zamani, kundi la maigizo la Mufwankolo lilipocheza, kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga na siyo hiki cha vitabu ninachokuandikia, nkambo alikuwa anajibizana nao. Mwaka 1986 walitunga mchezo kutokana na msemo kwamba ukubwa unaliwa mzima, haugawanywi. Fikiria, wakati wa Mobutu, mtu anaigiza chifu na kusema hivyo mbele ya kamera! Watu walicheka kwa sababu kucheka kulikuwa na ruhusa. Nkambo alikuwa anapiga goti na kumjibu yule chifu kana kwamba yuko sebuleni: "Kula, kula, utapaliwa!" Wala hakuna aliyemwambia anyamaze. Ilikuwa michezo ya televisheni tu, nani angeinyamazia? Maprofesa waliitafutia maneno makubwa baadaye, mzungu mmoja akaiandikia kitabu kizima, lakini sisi kwenye kartie, mtaani, hatukuiita sanaa. Tuliiita Mufwankolo.

Lakini hii ya Lumumba ilikuwa filamu ya heshima. Nilifunga mlango. Niliwaambia majirani wakae mbali na dirisha.

Basi ndege ikatua. Ile tarehe 17 Januari 1961, wanashushwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi hii, Lumumba na wenzake Mpolo na Okito, wamefungwa, wamepigwa njia nzima. Nkambo yako wakati ule alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, yuko hapa hapa, mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, akiingia zamu kwenye tanuru za kuyeyusha shaba. Akakushusha kutoka mapajani. Akanyoosha mkono kwenye kioo, akasema:

"Ile siku, miye nilikuwa…"

Nami nikamwambia, "Baba, ngoja kwanza, tusikilize."

Akangoja.

Wakapelekwa porini usiku, taa za gari, mti, bunduki. Niliendelea kufasiri, ingawa pale hapakuwa na cha kufasiri. Filamu ilipoisha nikazima, nikageuka, nikasema kwa adabu yote, "Haya baba, ulitaka kusema nini?" Akasimama, akachukua fimbo yake.

"Ile miti haiko ya kwetu."

Akaenda kulala. Alifariki 2006 na sentensi ile hakuimaliza. Nilimuuliza mara mbili. Mara ya kwanza alisema amesahau, mara ya pili alinitazama kama mwanafunzi aliyechelewa.

Miaka mingi nilijitetea kwa upande wa filamu. Kwanza, alikuwa na haki: waliipigia Zimbabwe na Msumbiji, na mtu aliyekata kuni njia ya Likasi ujana wake wote hawezi kudanganywa kuhusu pori letu, kichuguu kiko wapi, miti inasimamaje. Lakini wangefanyaje? Nchi ilikuwa vitani tangu 1998, nani angeleta kamera huku? Na Peck si mgeni aliyeokota hadithi barabarani. Ni mtu wa Haiti, lakini aliishi Kinshasa utotoni, na alikuwa ameshatengeneza filamu ya kumbukumbu juu ya Lumumba huyo huyo kabla ya hii. Na yule Eriq Ebouaney! Hajazaliwa Kongo, wazazi wake ni wa Kameruni, lakini anavyosimama, na ile miwani, na ile hasira ya mtu anayejua muda wake ni mfupi. Nikasema moyoni, mzee ameshikilia miti, ameacha watu.

Halafu najijibu mwenyewe. Huyo mzee alikuwa mjini siku ile. Nilikuwa na shahidi kwenye kiti cha mbao, hatua mbili kutoka kwangu, nikamwambia anyamaze nipate kumsikia mwigizaji. Tena si kwamba sikumsikia akianza. Nilimsikia vizuri sana. Nilidhani nina muda, kwa sababu yeye alikuwa wa nyumbani na kaseti ilikuwa ya kurudishwa Jumatatu.

Pacha wako anasema ninajitesa bure. Anasema labda nkambo alitaka kusema tu kwamba siku ile alikuwa kazini, au alikuwa na homa, au hakujua lolote mpaka mwezi wa pili redio iliposema wameuawa na wanakijiji, uongo ule. Inawezekana. Mimi pia najiambia hivyo usiku. Lakini mtu hamshushi mjukuu kutoka mapajani ili aseme alikuwa na homa. Au anaweza? Alikuwa mzee, pengine miguu ilimuuma. Unaona ninavyozunguka.

Mwaka 2022, Ubelgiji waliporudisha lile jino la Lumumba na sanduku likapitishwa huku, mpaka Shilatembo, pale yeye na wenzake walipouawa, nilienda kusimama barabarani. Ving'ora, bendera, watu na simu zao juu. Kando yangu alikuwepo mama mmoja mzee, mzee kweli, mdomo unatembea bila sauti. Nikainama kabisa kumsogelea. Alikuwa anahesabu magari.

Sasa unataka jina. Nimeandika jina hapa mara moja, nikalikata, utaona wino. Nikisema *Félicité* ndiyo kubwa kuliko zote, na karibu nitasema, nitakuwa nimemsaliti mzee na miti yake. Nikisema *Lumumba*, nitakuwa najilipia deni kwa mfuko wa wageni wako. Na kuna siku nadhani zote mbili hazimfikii Mufwankolo na makofi ya nkambo kwenye goti, ila hiyo huwezi kuwawekea watu wa Liège. Chagua mwenyewe. Umesoma kuliko mimi. Kinywa changu kimefungwa, ingawa kinawasha.

Kuna jambo jingine hukuniuliza. Katika barua ya Pasaka uliniandikia juu ya yule bibi wa ghorofa ya chini, Mbelgiji, mjane, ambaye marehemu mumewe alifanya kazi Katanga, na ambaye siku moja alikusimamisha kwenye ngazi akakuuliza kama bukari, ugali wetu, bado tunaila na sombe, yale majani ya muhogo. Ukasema ulikuwa na haraka. Jumamosi mwalike. Mpe kiti kizuri, kile cha karibu na kioo, usikubali vijana wakikalie. Bukari pika wewe mwenyewe, mume wako anaiacha na madonge. Wengine wataitazama filamu, wewe mtazame yeye. Ukimuona ameweka sahani chini, au amenyoosha mkono, simamisha hapo hapo, hata kama ni pale pazuri, hata wakilalamika.

Kwa hiyo telekomandi ikae mkononi mwako. Usimpe mume wako. Ni mtu mwema, nampenda, lakini nilimuona kwenye fainali ile ya mpira mama yako alipokuwa anamweleza habari za mahari: yeye ni kama mimi, ataacha iendelee.

Mama yako anasalimu. Miwani tumeifunga kwa uzi.

Baba yenu