Dagaa wanauzika, mtaji unapungua: kosa liko wapi?

Swali: Shikamoo mhasibu. Mimi ni mama wa miaka 29, nachuuza dagaa hapa Ujiji. Nilianza na mtaji wa shilingi 600,000. Kila mwezi, siku za giza zisizo na mbalamwezi zikiingia, nanunua mwaloni Kibirizi dagaa wabichi wa 400,000, naanika, napata kilo 25 za wakavu, nakwenda kuwauza Tabora kwa 20,000 kilo. Kilo moja hivi huishia kwenye nyongeza za wateja. Gharama nyingine ni ndogo ndogo: kibarua wa kuanika 15,000, ushuru 5,000, magunia na kamba 3,000, kusafirisha mzigo 12,000, nauli yangu kwenda na kurudi 36,000, chakula na malazi 34,000. Nyumbani natoa 30,000 tu kwa mwezi. Naona faida ya laki moja kila safari, lakini baada ya safari nne nimebaki na 380,000. Je, niombe mkopo wa halmashauri?

Jibu: Marahaba, mama. Umenipa tarakimu zote, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu wachuuzi wengi huniletea malalamiko yasiyo na hesabu, nami nikashindwa kuwasaidia.

Hizo ulizoziita gharama ndogo ndogo, ukizijumlisha, zinafika 105,000. Ukiongeza bei ya dagaa, safari moja inakugharimu 505,000. Kilo unazopokea fedha ni 24, wala si 25, kwa kuwa nyongeza nayo umeinunua na kuianika. Hivyo mauzo yako ni 480,000. Kila safari unapoteza 25,000, na kwa safari nne ni 100,000. Ile 30,000 ya nyumbani kwa miezi minne ni 120,000. Jumla yake ni 220,000, ndiyo pengo kamili kati ya mtaji ulioanza nao na ulio nao leo. Hakuna aliyekuibia. Umekuwa ukilisha familia kwa mtaji, ukiamini ni faida.

Sasa tutenganishe gharama za aina mbili. Ziko zinazokwenda na kilo: dagaa wenyewe, kibarua, ushuru, magunia na mzigo, ambazo kwako ni 435,000, yaani 18,125 kwa kila kilo unayouza. Ukiuza kwa 20,000, kilo inakuachia 1,875. Ziko pia zisizojali umebeba kilo ngapi, nazo ni nauli, chakula na malazi, jumla 70,000. Gawanya 70,000 kwa 1,875, utaona kwamba ni lazima uuze kilo 38 ndipo safari ijilipe, nawe unabeba 24.

Kupandisha bei hakuko mikononi mwako, maana bei inapangwa na soko la Tabora. Hata hivyo, kama unaanika mchangani, hamia kwenye chanja, kwa sababu mnunuzi anayetia dagaa mdomoni akakuta mchanga hawezi kukupa bei ya juu.

Nafuu ya haraka iko kwenye ile 70,000. Tafuta wachuuzi wenzako wawili unaowaamini, mizigo ipimwe na kuandikwa mbele ya wote watatu, kisha mmoja asafiri kwa zamu. Fungu lako la safari litashuka hadi 23,333. Kwa mtaji wa 380,000 ulionao utaweza kugharamia kilo 19 za kuuza, nazo zitakuachia takriban 12,300. Ni fedha kidogo, nakiri, tena haitoshi kutoa 30,000 ya nyumbani. Kwa miezi hii michache mahitaji ya nyumbani yatafutiwe njia nyingine, mtaji usiguswe.

Kuhusu mkopo: ule wa halmashauri hauna riba, hutolewa kwa vikundi, na katika asilimia 10 ya mapato ya ndani iliyotengwa, asilimia 4 ni ya wanawake. Ungekuvusha juu ya zile kilo 38, kwa hiyo siukatai. Ninachokuomba ni kwamba usiuombe kabla ya kumaliza safari tatu zenye daftari linaloonyesha faida. Rejesho halisubiri mbalamwezi iishe ndipo wavuvi warudi ziwani. Kumbuka pia Ziwa Tanganyika lilivyofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Mwenye deni na asiye na akiba alikuwa katika hali gani miezi ile mitatu?

Daftari lenyewe liwe na safu tano: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilo zilizouzwa, na kilichochukuliwa nyumbani. Andika siku hiyo hiyo, hata nyongeza. Litakufaa pia mbele ya TRA, yaani mamlaka ya mapato, kwa kuwa mauzo ya 480,000 kila mwezi yanapita milioni 4 kwa mwaka, ambapo kodi huanza, na mfanyabiashara mdogo mwenye kumbukumbu hakadiriwi kodi sawa na asiye nazo. Safari ya tatu ikiisha, niandikie tena na kurasa hizo, tuone kama kilo bado inakuachia 1,875.