Quvenzhané Wallis alianza kuigiza akiwa na umri gani?
Alikuwa na miaka mitano tu. Quvenzhané Wallis alizaliwa tarehe 28 Agosti 2003 huko Houma, Louisiana, nchini Marekani, na alifanyiwa usaili wa filamu ya Beasts of the Southern Wild ingawa waandaaji walitaka watoto wa kuanzia miaka sita. Miongoni mwa yaliyomvutia mwongozaji Benh Zeitlin ni ukelele wake mkali na uwezo wa kupiga mbweu kila alipotaka, vipaji ambavyo, kwa kweli, havifundishwi katika chuo chochote. Filamu hiyo ilitoka mwaka 2012, na akiwa na miaka tisa akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike, akiwa mdogo kuliko wote waliowahi kuteuliwa katika kipengele hicho. Mwaka 2014 aliigiza kama mhusika mkuu katika filamu ya Annie.