Kuhusu mikono ya mjomba wako

Mwanangu Mwanaidi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani ya babako maana yangu imekatika mkono. Waniuliza kama mjomba Athumani, Mungu amrehemu, alikuwa na maradhi ya homoni ya ukuaji kuzidi, na kama ninayo picha inayoonyesha mikono yake.

Hao panya wenu wa utafiti, ulioniandikia habari zao, wamenikosesha usingizi. Wametiwa jeni ya ng'ombe, homoni ikawafurika, wakawa wakubwa kupita ndugu zao. Kisha viungo vinaharibika mapema, figo zinachoka, na umri wao ni kama nusu tu ya panya wa kawaida. Na bandama linavimba. Mimi nilidhani bandama likiwa kubwa basi na kinga ya mwili ni kubwa, kumbe sivyo. Si nimekwambia tangu u mdogo? Mwili una kipimo chake. Kibaba kikifurika, kinachomwagika hakimfai mtu.

Sasa Athumani. Alipoingia bandari ya Kilindini kubeba magunia alikuwa mwembamba kama mpingo wa bakora. Mikono ya kuli huwa mikubwa, nani asiyejua? Lakini kuli wenzake walivaa viatu vya namba ile ile miaka nenda miaka rudi. Yeye alianza namba 8 akafika 11, na arobaini ameshaipita. Mtu wa arobaini huota nyayo? Ingawa babu yako naye, nyayo zake zilikuwa kama makasia. Haya, tuyaache.

Lakini ile pete siwezi kuiacha. Ya fedha, yenye kijiwe cha akiki, aliachiwa na babu. Siku aliyooa ilimkaa sawasawa. Ilipofika harusi ya Khadija ilikuwa yamla nyama. Tukajaribu sabuni, tukajaribu mafuta ya nazi, tukazungusha uzi kidole kizima, wapi! Nikampeleka kwa sonara, Mji wa Kale, kile kiduka cha ngazi mbili. Sonara akapenyeza kibati chini ya pete asimkate, akaanza na kimsumeno chembamba, kwiri, kwiri. Nami, mbele ya wateja, nikasema, "Kaka, wewe wanenepa mpaka vidole!" Duka zima likacheka. Naye akacheka. Kisha akaokota vile vipande viwili, akakusanya hata unga wa fedha uliobaki mezani, akavifunga kwenye leso. Njia nzima hakusema neno.

Wasema kwa binadamu chanzo cha maradhi hayo mara nyingi ni kivimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, wala si saratani, na kwamba mifupa ya mtu mzima hairefuki tena, hunenepa: mikono, nyayo, taya. Gegedu la goti nalo huanza kwa kuvimba, halafu likapasuka na kulika. Nilipofika hapo nikaikumbuka feri ya Likoni. Watu wakishuka mbio, yeye hubaki nyuma kabisa, ameshika chuma, akingoja mteremko uwe mtupu. Sisi twamwita mvivu. Zahanati walimwambia ni baridi yabisi, wakampa dawa ya kuchua. Meno ya chini yakaanza kuachana, tukasema ni mswaki.

Sasa wataka niseme ndiyo. Mimi si daktari, na marehemu hapimwi damu. Nikisema ndiyo, basi nilimcheka mgonjwa. Nikisema siyo, ile pete nani aliyeipunguza? Mwili una kipimo chake, na wa kwake mimi niliuona ukipita, nikautolea mzaha. Siandiki ndiyo. Lakini wewe wanijua nikinyamaza.

Vipande vya pete vimo kwenye mkebe wa udi, njoo uvichukue mwenyewe, sivitumi kwa posta. Picha ninayo moja tu, ya harusi ya Khadija. Amesimama kando ya babako, kanzu imemkaa vizuri, anatabasamu. Mikono ameiweka nyuma.

Mamako