Nywele hazidondoki, zinakonda: miaka yangu tisa na uwaraza

Mkuu uliyeanzisha uzi, umesema una miaka 28, pembe mbili za mbele zimeingia ndani, utosini ngozi inaanza kuonekana kwenye mwanga wa taa, na unataka uambiwe upake mafuta gani. Nimesoma majibu ya wadau hapo juu: kitunguu maji, mafuta ya nyonyo, habat soda, karafuu za kuchemsha, na mmoja kasema mkojo wa ng'ombe. Ukiacha huo mkojo, vyote vimepita kichwani mwangu. Nilianza nikiwa na miaka 27, sasa nina 36, kwa hiyo anayekujibu ni mtu aliyelipa ada.

Mimi nilishtuliwa na picha. Nilipiga pasipoti saizi kwa ajili ya fomu za kazi, nikaiweka pembeni ya ile iliyokuwa kwenye leseni ya udereva. Sura ni ileile, ila paji la uso lilikuwa limeongezwa ghorofa. Kinyozi wangu alijua siku nyingi na hakusema kitu. Alichokuwa anafanya ni kunichora mstari wa mbele kwa piko kila Jumamosi, natoka saluni nikiwa kijana mdogo, na kufika Alhamisi rangi imefifia naanza kutafuta kofia. Tulikwenda hivyo karibu mwaka mzima. Jumapili moja nikaamka paji limevimba, macho hayafunguki, ngozi inatoa maji. Ilikuwa mzio wa piko. Rangi nyingi nyeusi za nywele zina kemikali inayofupishwa PPD, na mwili unaweza kuivumilia mara ishirini, ya ishirini na moja ukaikataa. Ukishaikataa, ndiyo basi maisha yote.

Ule uvimbe ndio ulionipeleka kwa daktari wa ngozi, na bila huo nadhani hadi leo ningekuwa nakamua vitunguu. Alinitibu mzio, halafu akachukua kioo kidogo chenye taa akaangalia utosi, akapiga picha kwa simu na kunionyesha. Pembeni ya unywele mnene palikuwa na mwembamba, na pembeni yake mwingine mwembamba zaidi, kama laika ya mkononi. Akaniambia, "Unadhani nywele zako zinadondoka. Zinakonda."

Hapo ndipo nilipoelewa. Unywele mmoja unakua kati ya miaka 2 na 6, unapumzika kama miezi mitatu, unadondoka, na mwingine unachipua kwenye shimo lilelile. Kudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida kwa kila mtu. Kwa sisi wenye uwaraza, kila unaochipua upya ni mwembamba kuliko uliotangulia na unaishi muda mfupi zaidi, mpaka unabaki laika tupu. Kinachosababisha ni homoni ya kiume, testosteroni, ambayo kimeng'enya fulani mwilini huigeuza kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, DHT. Mashina ya nywele za mbele na utosini, kwa aliyerithi, hayaiwezi hiyo DHT, yanasinyaa. Ya kisogoni na juu ya masikio hayajali. Ndiyo maana mzee mwenye kipara cha kung'aa bado ana ule ukanda wa nywele nyuma.

Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton alichapisha uchunguzi wake juu ya wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe. Hawakuota kipara. Walipopewa testosteroni, waliotoka kwenye koo za vipara wakaanza kupata uwaraza, na wengine wakabaki na nywele zao. Yaani homoni peke yake haitoshi, na ukoo peke yake hautoshi. Na usidanganywe kwamba mwenye kipara ana homoni nyingi kuliko wengine. Tofauti iko kwenye shina la unywele. Vilevile ile habari ya "angalia mjomba wako" ni nusu tu ya kweli. Kinasaba kimoja kikubwa kiko kwenye kromosomu X unayopewa na mama, ila vingine vingi vinatoka pande zote mbili. Mjomba wangu ana nywele kama brashi.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha huo ni uwaraza kweli. Uwaraza unakuja polepole, miaka, na hauwashi, hauumi, hauna magamba. Kama nywele zilianza kutoka kwa mafungu miezi miwili au mitatu baada ya homa kali, operesheni au kukonda ghafla, huo ni mshtuko wa mwili na kwa kawaida zinarudi zenyewe. Mabaka ya duara yenye magamba yanaweza kuwa mapunye. Vipele vigumu kisogoni vinavyokuja baada ya kunyoa ni ugonjwa mwingine kabisa, na huo ukiuacha unatengeneza makovu ambayo nywele hazioti tena. Wenye rasta au mabutu ya kuvuta sana wanapoteza nywele za pembeni kwa sababu ya kuvutwa. Kaswende nayo hutoa nywele kwa viraka, kama nguo iliyoliwa na nondo. Msicheke, nendeni mkapime. Yote hayo yana tiba zake, na dawa ya uwaraza haitayasaidia.

Sasa mafuta. Ya nyonyo na ya nazi yanalainisha nywele na kuzifanya zing'ae, sina ugomvi nayo. Ila haijathibitishwa kwamba yanaizuia DHT, na mimi niliyapaka miaka miwili huku pembe zikitembea. Kitunguu kilinipa harufu tu, mpaka shemeji akauliza kama nimefungua genge.

Dawa zilizothibitishwa zaidi kufanya kazi ni mbili. Ya kwanza ni minoksidili. Ilitengenezwa iwe kidonge cha presha, wagonjwa wakaanza kuota nywele usoni na mikononi, ndipo ikageuzwa kuwa maji ya kupaka. Marekani waliiruhusu kwa vipara mwaka 1988. Mimi napaka ya asilimia 5, mililita 1 asubuhi na 1 usiku, kwa hiyo chupa ya mililita 60 ni ya mwezi. Unaipaka kwenye ngozi ya kichwa, siyo juu ya nywele, na unanawa mikono. Wiki za mwanzo nywele zitadondoka ZAIDI. Wengi wanaitupa hapo, na mimi mara ya kwanza niliitupa hapo hapo. Zile zinazodondoka ni zilizokuwa zimepumzika, zinapisha mpya. Usihukumu kabla ya miezi minne. Ikikuwasha sana, omba ya povu, maana mara nyingi kinachowasha ni kile kimiminika kilichobeba dawa. Mwenye matatizo ya moyo aanze kwa daktari. Na kama una paka nyumbani, kuwa makini mno: hata tone dogo analolamba kwenye mto au mkononi mwako linaweza kumuua.

Ya pili ni finasteridi, kidonge kinachozuia kile kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa DHT. Ya nywele ni miligramu 1 kwa siku. Ya miligramu 5 ni ya tezi dume, na ndiyo inayopatikana kirahisi, ndiyo maana watu wanaikata kwa wembe. Mke wangu alikuwa mjamzito wakati huo, daktari akanikataza kukata nyumbani, kwa sababu mjamzito hatakiwi hata kugusa vumbi lake: linaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni.

Najua swali mnalolisubiri wote. Katika majaribio ya awali, wanaume 3.8 kati ya kila 100 waliotumia walipata tatizo la kitandani la aina moja au nyingine, na kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa 2.1. Kwa hiyo wapo, ni wachache, na kwa wengi huisha wakiacha. Wapo pia walioripoti kwamba shida iliendelea hata baada ya kuacha, na wengine kushuka moyo. Mimi miezi miwili ya kwanza nilijichunguza kama askari wa zamu, kila nikichoka nasema ni kidonge. Hakikuwa kidonge, ilikuwa daladala na mtoto mchanga. Lakini sitamwambia mtu mwingine kwamba yake nayo ni mawazo tu. Kingine: dawa hii inashusha kipimo cha damu cha tezi dume, PSA, karibu nusu. Ukifika umri wa kupima, mwambie daktari unaitumia, la sivyo atasoma namba ya uongo.

Matokeo yangu: utosi umejaa kiasi cha kutosha, pembe za mbele hazijarudi, zimesimama tu zilipokuwa. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa wengi, utosi unasikia dawa kuliko pembe. Na ukiacha, ndani ya miezi kadhaa unarudi pale ambapo ungekuwa kama usingetumia kitu, yaani dawa ni ya maisha yote. Kaka yangu alipiga hesabu ya hilo neno "maisha yote", akanyoa zote kwa mashine bila kichana, na watoto wa mtaani wakaanza kumwita bosi kwa ile imani kwamba kipara ni hela. (Imani za namna hii si za kuchekea sana. Juni 2017 polisi wa Msumbiji walilazimika kutoa tahadhari kwa wenye vipara baada ya mauaji huko Milange, watu wakiamini kichwani mna dhahabu.)

Aliyeuliza kuhusu kupandikiza nywele Istanbul, Uturuki: wanang'oa nywele za kisogoni na kuzipanda mbele, na zinabaki na tabia ya kisogoni. Ila shina la unywele wetu Waafrika limepinda ndani ya ngozi, fundi asiyezoea analikata njiani, na mwenye ngozi ya kuota makovu makubwa yupo hatarini. Tena nywele za zamani zilizobaki zinaendelea kukonda, kwa hiyo dawa bado unaihitaji, la sivyo unabaki na kisiwa mbele na uwanja nyuma yake. Kwa miaka 28 ningesubiri.

Mkuu, nyoa ziwe fupi, simama dirishani mchana, piga picha ya pembe na utosi, rudia baada ya miezi mitatu mahali palepale. Ukitaka, ziweke hapa ukiwa umeficha uso.