Jibu: Sanduku la Zanzibar kupasuka mfuniko Minnesota

Pole sana ndugu uliyeuliza kama wadudu ndio waliopasua mfuniko wa sanduku lako la Zanzibar huko Minnesota, jimbo la Marekani lenye baridi kali. Sanduku la mninga kupasuka mfuniko mwezi Januari si kazi ya wadudu, ni ukavu. Hewa ya baridi kali hubeba mvuke kidogo mno. Hita ikiipasha, unyevu wa hewa ndani ya nyumba hushuka hadi asilimia 20 au chini. Ubao husinyaa kwa upana, kwa urefu ni kidogo sana, na pale ulipobanwa kwa misumari ya shaba hukosa pa kwenda, ukachanika. Lisogeze mbali na tundu la hita, nunua kipima unyevu, ongeza unyevu hadi asilimia 35 hivi. Madirisha yakitoa jasho, punguza unyevu huo. Ufa usiuzibe sasa, tafadhali! Majira ya joto ubao utavimba, na gundi yenye unga wa mbao itausukuma upasuke upya.